Kabla Hujakariri Misingi, Uliza Bei Yake

Vijana wapya wanapoletwa kwenye dawati langu, Wizara ya Mambo ya Nje, huwa nawauliza: misingi ya sera ya mambo ya nje ya Tanzania ni ipi? Wanaitiririsha bila kukwama. Kulinda uhuru na mipaka yetu, haki na usawa wa binadamu, ujirani mwema, umoja wa Afrika, kutofungamana na upande wowote, kuunga mkono Umoja wa Mataifa. Mjanja ataongeza diplomasia ya uchumi, iliyopewa uzito kwenye sera ya mwaka 2001. Safi kabisa. Kisha nawauliza swali la pili, na hapo ndipo feni ya darini huanza kusikika: ni msingi upi uliowahi kutugharimu, na tulilipa nini?

Msione ni swali la kuwakomoa. Msingi usio na bei hauwezi kukusaidia usiku wa majadiliano, kwa sababu huwezi kujua kama bosi wako atakubali uulegeze au la.

Anzeni na Desemba 1965. Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alikuwa amejitangazia uhuru tarehe 11 Novemba, walowezi wachache wakikalia shingo za Waafrika mamilioni, na Uingereza yenye koloni lake ikasema haitatumia nguvu. Mawaziri wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakakutana Addis Ababa wakaazimia: uasi ule usipozimwa ifikapo tarehe 15 Desemba, nchi wanachama zivunje uhusiano wa kibalozi na London. Siku ilipowadia, nchi nyingi zilizopitisha azimio zilitazama pembeni. Tanzania ilivunja. Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa, fedha ambazo nchi ile changa ilikuwa imeshazipangia kazi, na uhusiano haukurejeshwa hadi 1968.

Wengi wakifika hapa wanaanza kusifia ushujaa. Mimi nawaomba mtazame ufundi. Hoja ya Mwalimu Nyerere bungeni tarehe 14 Desemba ilihusu neno la Afrika zaidi ya hasira kwa Waingereza: tumeazimia mbele ya dunia nzima, tusipotekeleza nani atatusikiliza tena? Pili, angalieni alichokiacha. Tanzania haikujitoa Jumuiya ya Madola, kwa sababu Jumuiya ile haikuwa mali ya Uingereza peke yake. Ndani yake walikuwemo India, Zambia na wengine tuliowahitaji. Alikata alipokusudia kukata, basi. Nimewaona maofisa wenye hasira za kizalendo wakiandika madokezo ya "tujitoe, tususie, tuwafukuze" bila kujiuliza ni mlango upi utahitajika mwezi ujao.

Mwaka huohuo, mapema kidogo, Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki na uwakilishi wake ukabaki nchini baada ya Muungano. Jibu la Dar es Salaam likawa: basi chukueni na misaada iliyobaki. Kutofungamana na upande wowote kulilipiwa hivyo.

Wakati mwingine bei inamwangukia mtu mmoja. Salim Ahmed Salim aliteuliwa kuwa balozi Cairo mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Wenzangu mnaolalamika kwamba hamjapewa majukumu, hesabuni hapo. Mwaka 1971 alikuwa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa, New York, wakati Baraza Kuu lilipopitisha azimio namba 2758 la kuirejeshea China ya Peking kiti chake kilichokuwa kikikaliwa na Taiwan, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kulipigania. Wamarekani hawakusahau furaha ya ujumbe wetu siku ile. Miaka kumi baadaye Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, China nayo ikamzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa akishikilia kiti hicho, mara 16, mpaka wote wawili wakakaa kando na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Sasa jambo gumu, ambalo vitabu vya mtihani hulipita haraka: misingi hugombana yenyewe kwa yenyewe. Julai 1964, kwenye mkutano wa OAU pale Cairo, ni Tanzania iliyopeleka hoja kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe. Ilikuwa hoja ya busara, maana bara zima lingewaka moto. Haikupita hata miaka minne, tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania hiyohiyo ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria. Unafiki? Nigeria iliona hivyo, na wenzetu wengi wa OAU hawakufurahi. Hoja ya Dar es Salaam ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya usalama wa watu wake, na Waigbo waliouawa kwa maelfu mwaka 1966 hawakuwa na sababu ya kuamini tena kwamba Nigeria ingewalinda. Biafra ilisalimu amri Januari 1970. Mimi binafsi, baada ya miaka yote hii, bado nayumba: siku nyingine naona tulikuwa sahihi, siku nyingine naona tulitoboa mtumbwi wetu wenyewe. Mkipata mtu dawatini anayejibu suala la Biafra kwa sekunde tano, msimwige.

Vita ya Kagera ni mfano mwingine. Kulinda mipaka yetu baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia mwishoni mwa Oktoba 1978, hakuna aliyebisha. Kuendelea mpaka Kampala, Aprili 1979, hilo lilibishaniwa kwenye mkutano wa OAU Monrovia mwezi Julai. Someni hoja za pande zote mbili, hasa za waliotulaumu.

Kwa vijana wa leo, jalada la kuanzia ni kura ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ya tarehe 2 Machi 2022, iliyoitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 zilisema ndiyo, 5 zikasema hapana, 35 zikajizuia, na sisi tulikuwa kwenye hizo 35. Kenya, jirani na mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilisema ndiyo. Utaulizwa na wanadiplomasia wenzako kwenye hafla, glasi ya juisi mkononi: kwa nini? Usijibu kwa neno "kutofungamana" halafu ukanyamaza. Andaa sentensi tatu, na moja kati ya hizo ieleze kwa nini nchi ndogo inayotegemea mkataba wa Umoja wa Mataifa kulinda mipaka yake haikuona shida kujizuia. Ukishindwa kuiandika, rudi kwa mkuu wako muiandike pamoja.

Mimi nilijifunza bei kwa aibu. Nilikuwa mpya, kikao cha wataalamu wa kanda, saa tano usiku. Rasimu zetu zote zilikuwa za Kiingereza. Mnajua maneno ambayo hayajakubaliwa huwekwa kwenye mabano. Sentensi moja ilikuwa imebaki na mabano mawili, moja lenye neno la "lazima", jingine lenye neno la "kujitahidi". Sambusa zimepoa, mwenyekiti anatazama saa, kila mtu ananiangalia mimi kwa sababu ni nchi yetu iliyokuwa imeyaweka yale mabano. Nikasema tuondoe, tubaki na "lazima". Makofi. Asubuhi mwanasheria wetu akaisoma kwenye chai, akaweka kikombe chini taratibu. Nilikuwa nimeifunga nchi kwenye muda ambao sheria zetu wenyewe hazikuuruhusu. Ikabidi niombe kifungu kifunguliwe upya mbele ya watu walewale. Mwenzangu wa nchi jirani, tuliyekuwa tukipiga soga naye Kiswahili kwenye korido, akaninong'oneza, "Ndugu yangu, jana ulikuwa macho au ulikuwa posta?" Kifungu kilifunguliwa kwa sababu ya zile soga. Ujirani mwema wa kwenye sera huanzia hapo koridoni, kwenye kahawa na kuulizana habari za nyumbani.

Kosa langu halikuwa uchovu. Maelekezo ya safari yalikuwa kwenye begi, na yalisema wazi neno lipi tusilikubali. Sikuwa nimeuliza kwa nini, hivyo nikalichukulia kama upendeleo wa mtu fulani ofisini. Siku hizi kijana akipewa maelekezo kwenye dawati langu, anaandika pembeni kwa kalamu ya risasi, mbele ya kila kipengele: tukikubali, nani analipa?

Mengine ni ya mikono tu. Dokezo kwa Katibu Mkuu wa wizara liwe ukurasa mmoja, na pendekezo lako lionekane kabla hajageuza karatasi, kwa sababu huenda analisoma akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Noti ya kidiplomasia, ile barua rasmi kati ya wizara na ubalozi, huanza kwa salamu na humalizika kwa heshima hata kama katikati unamlalamikia balozi wa watu kwa ukali. Na usiweke saini kwenye noti: weka herufi za mwanzo za jina lako, piga muhuri, peleka nakala masjala kabla ya saa tisa, maana wakishafunga jalada utasubiri mpaka kesho.