Re: Mama anabadilishiwa nyonga, kaambiwa aache warfarini

Pole dada, nimekusoma, mama ana miaka 68, oparesheni wiki ijayo, kaambiwa aache warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) siku 5 kabla na we unaogopa damu itaganda. Daktari hajakosea, ile dawa inakaa mwilini siku kadhaa, akiingia nayo thieta atavuja damu sana. Ila muulizeni, hapo katikati atachomwa heparini (sindano ya kuzuia damu kuganda) au la? Wengine wanahitaji wengine hapana, inategemea alianzishiwa warfarini kwa sababu gani, kwahiyo usiamue wewe wala jirani. Na mtaje kila kitu anachomeza, hata dawa ya maumivu kama diklofenaki ya dukani na dawa za mitishamba, wazee wetu wanaficha sana hizo!

Baba yangu alifanyiwa hiyohiyo na kazi kubwa ilikuwa baada. Kesho yake tu manesi wakamsimamisha, analalamika weee, lakini akatembea na fremu. Kitandani alikuwa anakunja na kukunjua vifundo vya miguu mara kwa mara. Yeye hakuwa kwenye warfarini, alichomwa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda mpaka nyumbani, jumla siku 35. Mama yako ulizeni atarudishiwa warfarini lini na kipimo cha INR (kile cha kuona damu inachukua muda gani kuganda) atapima lini.

Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma msikichue na mafuta, aonwe siku hiyohiyo. Akibanwa pumzi ghafla, kifua kikichoma au akikohoa damu, mkimbizeni hospitali hata iwe saa nane usiku.