Kutazama The Exorcist wakati imani inayumba

Dada, umeuliza kama filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973 inaweza kukumalizia imani, kwa kuwa siku hizi hata kusali kunakuwia vigumu. Mimi nakushauri uitazame, ila usitarajie ibada ya kukemea mapepo kama zile tunazozisikia kwenye vipaza sauti vya mitaa yetu hapa Nairobi. Anayebeba hadithi ni Padre Karras, Mjesuiti (mtawa wa Shirika la Yesu la Kanisa Katoliki) na daktari wa magonjwa ya akili, ambaye anakiri kwamba anadhani imani imemtoka, na ambaye bado anamlilia mama yake. Mwangalie kwa makini anapomnyunyizia binti anayesemekana amepagawa na pepo maji ya bomba huku akimwambia ni maji ya baraka: binti anapiga mayowe kana kwamba anaungua, na padre anazidi kushuku kwamba huo ni ugonjwa. Tahadhari hiyo ni ya kweli, kwani hata Kanisa Katoliki haliruhusu padre kumpunga mtu pepo bila idhini ya askofu. Kinachonigusa zaidi ni kwamba shaka haimzuii kurudi kwenye chumba cha binti huyo. Itazame mchana, pamoja na mtu unayeweza kuzungumza naye baadaye.