"Haidhuru" ni ya nani kuitamka?

SWALI: Kamusi inasema "haidhuru" ni "si kitu". Mbona nikimkanyaga mtu nikasema "haidhuru" ananuna? Halafu, neno hili lina undugu na "udhuru"?

JIBU: Lipasue: ha- ya kukanusha, i-, kisha dhuru, kitenzi chenye asili ya Kiarabu kilicho ukoo mmoja na "madhara". Anayesema haidhuru anatoa hukumu kwamba hakuna aliyeumia, na hukumu hiyo ni ya aliyekosewa. Ukiisema wewe uliyekanyaga, umempimia mwenzako maumivu ya mguu wake. Yako ni "samahani" au "niwie radhi". Yeye ndiye ajibu "haidhuru", "si neno", au "usijali" ya siku hizi.

Sikiliza na sauti. Mkazo uko kwenye -dhu-. Ikivutwa mno, haidhuuuru, jua hujasamehewa. Sokoni, muuzaji akishusha pumzi na kusema "haidhuru, lete elfu mbili", amekubali kupunjika kidogo. Lipa, usiendelee kuvutana.

Kwa maana hii neno limeganda. Ukizungumzia madhara yenyewe, kiambishi hufuata ngeli: "kinywaji hiki hakidhuru", "matunda haya hayadhuru".

"Udhuru" si ndugu yake. Kiarabu kina herufi mbili tofauti hapo, dhad na dhal, nasi tumezitia zote kwenye dh moja. Wanaotamka z wajihadhari zaidi: "haizuru" ni kutotembelea, kama kuzuru makaburi.

Ukitaka kusema huna upendeleo, chai au kahawa, tumia "kwangu ni mamoja", halimuudhi mtu. "Hainihusu" hufunga mlango, na "potelea mbali" huubamiza. "Liwalo na liwe" wengi huliweka kundi hili kimakosa: mwenye kulisema anajali sana, ila ameshaamua kulikabili litakalokuja.

SWALI: Ni "shauri yako" au "shauri lako"?

JIBU: Shauri liko ngeli ya li-ya, kwa hiyo kisarufi ni "lako". Lakini mitaani "shauri yako" imekwishajitenga kimaana. "Shauri lako nimelifuata" ni ushauri uliopokewa, "shauri yako!" ni onyo la mtu aliyekwisha kujitoa. Kwenye insha andika "lako". Kwenye mazungumzo ya wahusika acha "yako", maana mama anayemkemea mtoto juu ya mwembe hasimami kupatanisha ngeli.