Maswali Yenu: Jua liko mgongoni, anga jekundu utalitoa wapi?

Wiki hii meseji za picha za alfajiri zimejaa, nimechukua nne tu. Wengine msininunie, zamu yenu inakuja.

SWALI: Shikamoo kaka. Mi naishi Kigamboni, kila Jumamosi naamka naenda pale jirani na feri napiga maghorofa ya mjini jua likichomoza. Shida zangu zinatoka zimepauka, anga jeupe jeupe tu, wakati watu mtandaoni wana anga jekundu kama moto. Nimeongeza rangi kwenye Snapseed, ile app ya kuediti, mpaka maghorofa yamekuwa ya machungwa na bado wapi. Nakosea nini?
*Fundi simu, Kigamboni*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwenye simu hujakosea, umekosea dira. Ukisimama Kigamboni ukaangalia Posta unaangalia magharibi, na kaskazini kidogo, jua lenyewe linatokea baharini huko nyuma yako, sasa huo wekundu utauona wapi wakati wote uko mgongoni? Hizo unazoziona zimeandikwa "asubuhi njema Dar" afu jua limekaa katikati ya minara pacha ya Benki Kuu, nyingi ni za jioni, mtu kapiga saa 12 jioni kaposti asubuhi, au kabandika anga la kwingine kabisa. Siku jua likianza kuchomozea Magomeni tutaambizana.

Ila usiache kwenda, maana hapo ulipo una vitu viwili ambavyo anayeelekea mashariki havipati. Cha kwanza kiko kama robo saa kabla ya jua: taa za majengo bado zinawaka, na ukiangalia chini kabisa ya anga juu ya mji utaona mkanda wa bluu iliyokolea kama kijivu, na juu yake mkanda wa pinki. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kimelala kwenye hewa, jua likipanda kinazama taratibu mpaka kinapotea, na watu wengi wanaposhangaa "mbona pinki" ndo kinakuwa kimeshaondoka, kwa sababu huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda wima halichelewi. Cha pili ni zile dakika kama 10 za mwanzo baada ya jua kutoka, mwanga unapiga majengo usoni, vioo vya maghorofa vinawaka dhahabu na lile kanisa la Azania Front na vigae vyake vyekundu linaonekana kama limepakwa rangi jana. Baada ya hapo mwanga unakuwa bapa, funga begi ukanywe chai.

Sasa kuediti. Hiyo dhahabu simu yako inaiona kama kosa na inaisawazisha yenyewe, ndo maana picha inapauka. Kwenye kamera ya simu toa mizani ya rangi (white balance) kwenye oto, weka ile yenye alama ya jua, au kama ina namba weka 5500 hivi. Afu rangi usiiongeze picha nzima! Tumia kile kitufe cha kugusa sehemu moja, gusa anga lishushe mwanga kidogo, gusa majengo yaongeze joto kidogo, basi. Na mbele ya picha weka kitu, ngalawa, kamba ya boti, mvuvi anayerudi. Angalia na jedwali la maji, kwenye bamvua, siku za maji makubwa, bahari ya Dar inapanda na kushuka mita tatu na zaidi, kwa hiyo palepale uliposimama Jumamosi iliyopita penye maji mazuri ya kuakisi unaweza kukuta tope na ngalawa imelala ubavu. Mi binafsi napenda zaidi hiyo ya tope.

SWALI: Niaje mwalimu. Niko na kamera ya DSLR, napiga kutoka Uhuru Park upande wa juu, lile jumba la mikutano la KICC likiwa mbele. Nikipima mwanga kwa anga majengo yanakuwa meusi tititi, nikipima kwa majengo anga yote inachomeka. Nikajaribu kuunganisha picha tatu kwa HDR, sasa majengo yana mwangaza pembeni kama malaika. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Nairobi*

JIBU: Poa sana. Wewe uko kinyume na wa Kigamboni, kutoka Uhuru Park unaangalia mashariki kabisa na jua linatokea nyuma ya majengo, kwa hiyo uso unaotazamana nawe ni kivuli na hakuna slaida, kile kitelezi cha kuediti, itakayougeuza kuwa jua. Huo mwangaza wa malaika unatokea pale unapovuta vivuli mpaka mwisho, programu inajitahidi kutenganisha jengo na anga, inachora mstari mweupe kwenye ukingo. Rudisha slaida nyuma. Jengo likiwa na jua mgongoni lazima liwe jeusi kuliko anga, jicho la mtu linajua hivyo hata kama hajawahi kushika kamera.

Swali langu ni kwa nini unaogopa weusi? KICC ilimalizika 1973, ina mita 105, Times Tower pale jirani inaizidi kwa mita 35 hivi, lakini ukizifanya zote mbili kivuli cheusi hakuna Mkenya atakayeuliza ile ya duara ni nini. Umbo lake linatosha. Kwa hiyo tripodi, ISO 100 (wepesi wa kamera kushika mwanga, uwe chini), f/8 (tundu la lenzi, la kati), faili za RAW (faili ghafi za kamera), piga tatu kwa kupishana stopu mbili mbili (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake), afu nyumbani chukua ya anga kama msingi na hiyo nyingine iazime kidogo tu kwenye madirisha na miti. Ukilazimika kuchagua moja, linda anga, maana giza la RAW linarudishika lakini kilichochomeka kikawa cheupe hamna kitu mle ndani.

Halafu jua halitoki sehemu moja mwaka mzima. Mwishoni mwa Machi na Septemba linatoka mashariki barabara, ndo siku za kulipata nyuma ya KICC, Juni linahama nyuzi 23 hivi kwenda kushoto kwako na Desemba hivyohivyo kwenda kulia. Julai Nairobi mawingu ya asubuhi ni mengi, mi nisingepoteza usingizi. Na ile Expressway, barabara ya magari ya juu, tangu 2022 inakukata picha katikati, sasa ama uifanye rafiki, ufungue shata sekunde 10 kabla jua halijatoka taa za magari zichore mstari, ama upande juu zaidi.

SWALI: Kaka habari. Napiga kwenye kibaraza ghorofa ya nne Upanga, maghorofa yote yanaangukia nyuma. Simu mbovu?
*Mama wawili, Upanga*

JIBU: Nzuri dada. Simu nzima, umeiinua juu. Ukiielekeza juu mistari inakutana huko mbinguni, na lenzi pana inazidisha. Ishike wima kabisa, acha barabara iingie chini utaikata baadaye. Kama umeshapiga, kwenye kuediti kuna sehemu ya kunyoosha mistari ya wima, itanyoosha lakini itakula pembeni, kwa hiyo siku nyingine acha nafasi. Na usinyooshe mpaka mwisho, ghorofa refu likinyooka sana linaonekana limevimba kichwa.

SWALI: Kaka mhariri, nauza picha za ukutani. Nilipiga mji kutoka Daraja la Tanzanite asubuhi ya mawingu, nikabadilisha anga kwa app, likawa zuri sana. Mteja kairudisha anasema "ina kitu sio" ila hawezi kusema nini. Na yeye sio mpiga picha!
*Msomaji, Kinondoni*

JIBU: Umenitumia picha nimeiona. Kutoka darajani ukiangalia mjini unaelekea kusini, bahari iko kushoto na jua linatoka hukohuko kushoto. Anga ulilobandika lina jua kulia, juu ya Upanga, wakati maji ya chini yana kijivu cha mawingu yako ya kweli na kuta za majengo hazina upande wenye joto. Mteja hajui dira lakini amepita hapo mara mia.

Mi kubadilisha anga kwenye picha inayouzwa kama "Dar asubuhi" sifanyi, ukitaka kufanya andika nyuma ya fremu kwamba ni ya kutengeneza. Ile ya mawingu ungeiacha ya kijivu, ukaongeza kontrasti, hata nyeusi na nyeupe ingemkaa ukutani vizuri. Kama anataka rangi muombe muda, rudi Desemba jua likisogea kusini, linakuwa limejongea karibu na mji na linaingia kwenye fremu bila kubandikwa. Siku hizo linatoka saa 12 na dakika chache, Julai ndo linavuta mpaka saa 12 na nusu na ushee, kwa hiyo saa 11 na nusu uwe umeshasimama. Gari liache upande wa Coco Beach, darajani uingie kwa miguu.