Dirisha la vioo vya rangi limetuna: nianzie wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nyumba yetu ya zamani hapa Upanga, Dar es Salaam, ina dirisha la vioo vya rangi juu ya mlango, vipande vimeshikwa kwa mikanda ya risasi, ile metali laini. Limetuna katikati, kipande kimoja chekundu kimepasuka, na upepo ukivuma linagonga. Fundi wa aluminiamu kaniambia nipake silikoni kote. Naweza kulitengeneza mwenyewe?

JIBU: Nzuri, dada. Silikoni usipake kabisa! Ikishaganda, atakayekuja kulifungua atavunja vioo vizima akihangaikia kimoja. Wala usilisukume kwa kiganja likiwa ukutani.

Kwanza tazama vile vyuma vyembamba vinavyokatiza dirisha kwa ndani. Karibu na bahari chumvi huvila, waya wa kufungia hukatika, na uzito wote hubaki kwenye risasi, ambayo ni laini. Ukibadilisha kioo chekundu tu, kitapasuka kingine.

Lipige picha, lishushe likiwa wima, kisha lilaze juu ya ubao, tumbo juu. Weka karatasi na usugue penseli upate ramani ya risasi yote. Kwangua puti kavu, liache lipate joto la jua, weka ubao juu yake na uzito mdogo, uongeze kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Usiharakishe hapa.

Kipande kilichopasuka: kata risasi kwenye pembe zake, inua midomo yake (kingo za risasi zinazokumbatia kioo) kwa kisu butu, toa kioo, ingiza kipya, rudisha midomo. Pembe unazilehemu. Sugua risasi mpaka ing'ae, paka dawa ya lehemu, kisha gusa kwa pasi ya kulehemu na lehemu, uondoe mara moja. Lehemu ya bati 60 kwa risasi 40 huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi za Selsiasi, risasi kwenye 327, na pasi hiyo ya umeme huweza kuzidi hapo. Ukichelewa sekunde chache unatoboa risasi yenyewe.

Mwisho sukumia puti ya unga wa chaki na mafuta ya mbegu za kitani chini ya midomo, pande zote mbili.

Risasi ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Fanyia kazi nje, wao na wajawazito wakae mbali, usile hapo, vumbi lipanguse kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

Kama vioo vina nyuso au maua yaliyochorwa, usivisugue. Mpe anayejua vioo vya kanisani. Wakati wa kulirudisha, weka vyuma vya shaba ya njano, ufunge kwa waya wa shaba.