Walimu mnauliza: linki za masomo tuzitunze wapi?

*Shikamoo mwalimu. Grupu letu la WhatsApp kila siku linajaa linki za notsi na pasti pepa, ila ukija kuzihitaji wakati wa kuandaa somo huzioni. Tufanyeje? (Jiografia, Kasulu)*

Marahaba. Hilo naliona hata huku Tabora, kitu kizuri kinatumwa jioni, asubuhi kimeshafunikwa na salamu na michango ya harusi. Kuna huduma za kutunza linki mtandaoni kwa pamoja, kwa mfano Diigo iliyoanza 2006, au Raindrop.io, mnafungua akaunti, mnatengeneza kundi la walimu wa somo, kila mmoja akipata kitu anakiingiza pale na kukiwekea lebo ili wengine wakitafute.

Sasa kwenye lebo ndo watu wengi wanakwama. Mmoja anaandika form2, mwingine F2, mwingine kidato-cha-pili, basi ukitafuta unapata theluthi tu ya vilivyomo na unadhani wenzako hawajaweka kitu. Kaeni kikao kifupi mkubaliane: somo, kidato, mada, bila kuacha nafasi, mfano jiografia, kidato2, volkano. Na chini ya kila linki mtu aandike sentensi moja ya maana, kama hii: "Ramani ya Bonde la Ufa, inaonekana vizuri hata ukiiprinti bila rangi, Ziwa Tanganyika limeandikwa kina chake, mita 1,470." Hapo mwenzako anajua aifungue au aiache kabla hajala bando lake.

*Bando lenyewe ndo shida, mtandao huku ni wa kudoea. (Uvinza)*

Linki ni mstari tu wa maandishi, kinachokula bando ni kuifungua. Kwa hiyo andikeni pia ukubwa wa faili na video ina dakika ngapi. Anayekwenda Kigoma mjini apakue PDF zote za wiki hiyo aje awagawie wenzake kwa flashi au bluetooth.

*Na hiyo huduma ikifungwa je? (Nzega)*

Inatokea, na inauma. Delicious, huduma kama hizo, ilianza 2003, walimu wengi duniani waliitumia, Yahoo wakainunua 2005, ikauzwa tena 2011, na 2017 washindani wao Pinboard wakainunua wakaiacha ya kusoma tu, huongezi kitu. Julai 2025 Mozilla nao waliifunga Pocket, huduma yao ya kutunza linki za kusoma baadaye. Ndo maana nasisitiza kila mwisho wa muhula mmoja wenu a-export orodha nzima, inatoka faili moja ya HTML inayofunguka kwenye brauza yoyote, mnaitunza kwenye kompyuta ya shule na kwenye flashi.

*Naweza kuweka vitabu vya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania) na matokeo ya wanafunzi wangu? (Urambo)*

Vitabu weka linki ya maktaba mtandao ya TIE yenyewe, toleo likibadilika wenzako wanapata jipya. Matokeo usiweke kabisa, wala majina, wala picha za watoto, hata kundi likiwa la siri.

*Walimu wakongwe shuleni kwetu hawataki hata kusikia. (Kigoma mjini)*

Dada, mmewaomba nini hasa? Mkiwaomba wajifunze kubofya watachoka, waombeni wachambue. Chukua mada ya Livingstone na Stanley kukutana Ujiji 1871, mtandaoni kurasa ziko kibao na nyingi zinasimulia kama vile mji ulikuwa mtupu, hakuna wafanyabiashara, hakuna njia ya misafara kutoka pwani kupitia Tabora. Mwalimu wa Historia aliyefundisha miaka mingi ataona upungufu huo haraka kuliko sisi. Msomeeni kurasa tatu, aseme ipi inafaa darasani na ipi ina kasoro gani, wewe uandike maelezo yake chini ya linki na jina lake uliweke, akikubali. Ile kazi ni yake, na walimu wapya wanaoripoti wataikuta.

*Tuanze watu wangapi? (Igunga)*

Wawili mnaofundisha somo moja wanatosha.