Maswali yenu kuhusu a-ha: anzeni na albamu ya pili

Wiki tatu zilizopita niliitaja kidogo tu a-ha, bendi ya Norwei, na barua zimemiminika. Nimechambua. Wanaouliza mwimbaji wao Morten Harket ana miaka mingapi na kama ameoa, sitawajibu. Ukurasa huu ni wa rekodi. Waliobaki, twendeni.

SWALI: Hawa si ndio wale wa "Take On Me"? Kwani wana wimbo mwingine? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Swali hili nimeletewa na watu kumi na mmoja, kila mmoja kwa maneno yake, na ninakiri limenichosha. a-ha wana albamu 11 za studio, ya kwanza ya mwaka 1985 na ya karibuni zaidi ya mwaka 2022. Hadithi ya "wimbo mmoja" ni ya Marekani. Huko "Take On Me" ulikaa namba moja Oktoba 1985, ukafuatwa na "The Sun Always Shines on T.V." ulioishia namba 20, kisha redio za kule zikageukia mambo mengine. Uingereza mambo yalikuwa kinyume: "Take On Me" uliishia namba mbili, na huo wa pili ndio ulioshika namba moja Januari 1986. Kufika 1988 walikuwa wameshaingiza nyimbo nane katika kumi bora za Uingereza. Mwaka 1991 waliimba katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, mbele ya watu 198,000 waliolipa kiingilio. Umati wa namna hiyo haukwenda pale kwa ajili ya dakika nne. Kwa nini sisi tuliazima kumbukumbu ya Wamarekani na kuifanya yetu, sielewi.

SWALI: Maneno "Take On Me" yana maana gani hasa? Nimeuliza hata mwalimu wa Kiingereza hajui. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Mwalimu wako hana kosa. Mwingereza angeyapanga maneno hayo kwa mfuatano mwingine. Waliotunga ni vijana wa Oslo, na Kiingereza kwao ni lugha ya kujifunza, kama ilivyo kwetu. Kiini cha wimbo ni kijana anayemwomba mtu ampokee, amjaribu, kabla hajaondoka. Huhitaji zaidi ya hapo.

Lakini swali lako ni zuri kuliko ulivyodhani. Paul Waaktaar-Savoy, mpiga gitaa aliyetunga sehemu kubwa ya nyimbo zao, huandika Kiingereza kama mtu anayetembea kwa tahadhari katika nyumba ya mwenzake: anashika kila kitu, na anakishika mahali ambapo mwenye nyumba hangeshika. Ndiyo maana nyimbo zake zina mistari inayokusimamisha. Wachambuzi walioziita "Kiingereza kibovu" waliniudhi wakati ule na wananiudhi hadi leo. Aliyewahi kuandika barua ya mapenzi kwa lugha aliyofundishwa darasani anajua kwamba kule kupapasa neno ndiko kunakoleta ukweli wake.

SWALI: Nimeukuta mtandaoni "Take On Me" uliopigwa tofauti, umepoa, video yake watu wamesimama tu mbele ya rangi ya buluu. Ni feki? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Si feki. Hilo ndilo toleo la kwanza, la mwaka 1984, lililotayarishwa na Tony Mansfield, na lilianguka vibaya sokoni. Historia yake inastahili kusimuliwa polepole.

Kinanda kile cha mwanzo, kile ambacho hata mtoto anaweza kukiimba kwa mdomo, kilizaliwa kabla a-ha haijakuwapo. Paul na mpiga kinanda Magne Furuholmen walikuwa bado vijana wadogo katika bendi yao ya Oslo iliyoitwa Bridges, na wimbo ukiitwa "Miss Eerie". Baadaye ukaitwa "Lesson One". Walipohamia London na Harket, wakishinda na njaa, waliendelea kuufinyanga. Toleo la 1984 lilipoanguka, kampuni ya Warner ilikubali urekodiwe upya, safari hii na mtayarishaji Alan Tarney. Hilo la Tarney, la 1985, ndilo mnalolijua, na nalo Uingereza lilikwama mara ya kwanza lilipotolewa. Kilicholiokoa ni video iliyoongozwa na Steve Barron. Michael Patterson na Candace Reckinger walichora kwa penseli, kwa mkono, picha zipatazo 3,000, kazi ya takriban wiki 16.

Kwa hiyo mnaposema "wimbo uliolipuka ghafla", mnasema kitu ambacho hakikutokea. Ulifanyiwa kazi kwa miaka. Na unapoutafuta, tazama mwaka na jina la mtayarishaji, maana majukwaa ya kusikilizia muziki huweka matoleo haya pamoja bila maelezo, na wengi mmesikiliza lisilo kisha mkaja kuniuliza kwa nini "hausisimui".

SWALI: Nani aliyeurudia "Take On Me" polepole, ule wa kwenye filamu ya Deadpool 2? Amewazidi wenyewe. (Msomaji, Kampala)

JIBU: Ni wao wenyewe. Waliurekodi Juni 2017 kisiwani Giske, Norwei, kwa ajili ya albamu ya MTV Unplugged, ya muziki usio na ala za umeme. Ukiusikia ule ndipo unagundua kwamba wimbo huu ulikuwa wa huzuni tangu mwanzo, ila mashine ya ngoma ilikuwa inaufunika.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni wa 2003, nataka kuwasikiliza hawa kwa utaratibu. Nianze na mkusanyiko gani wa nyimbo zao bora? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usianze na mkusanyiko wowote. Anza na Scoundrel Days, albamu ya pili, ya mwaka 1986.

Hili nimelisema na nitalisema tena. Albamu ya kwanza, Hunting High and Low, ni nzuri, na upande wake wa pili umebeba "The Sun Always Shines on T.V.", ambao kwangu ni bora kuliko "Take On Me". Lakini ina mahali palipolegea. "Love Is Reason", kwa mfano, haina uzito wa majirani zake. Scoundrel Days ilitoka mwaka mmoja na kidogo baadaye, wakati vijana hawa picha zao zilikuwa zimebandikwa kwenye kuta za wasichana Ulaya nzima. Kila mtu alitarajia "Take On Me" nyingine. Wao wakaufungua mlango kwa wimbo wa mtu anayekimbia usiku, wakaweka "I've Been Losing You" wenye gitaa la kukwaruza, wakaweka "The Swing of Things", kisha "Manhattan Skyline", unaoanza kama mtu anayeaga kwa upole kisha gitaa linaingia kama mlango uliopigwa teke. Mwisho kabisa, "Soft Rains of April": mtu yuko mbali na kwao, anauliza kama huko mvua inanyesha. Kijana yeyote aliyepelekwa bweni mkoa wa mbali ataushika wimbo huo bila kufafanuliwa.

Nyimbo ni 10 na zinategemeana. Ukiivunja ukachukua "Cry Wolf" peke yake kwa kuwa ulikwenda kwenye chati, utakuwa na wimbo wa kuchezea tu. Ukiusikia mahali pake, baada ya "Manhattan Skyline", unakuwa pumzi ya ahueni.

Sababu ninaisema kwa ukali ni kwamba mimi mwenyewe nilikaa miaka nikidhani ninaijua albamu hii. Nilinunua kanda yake dukani, jalada ni lenyewe kabisa. Ndani yake mtu alikuwa ameunganisha nyimbo sita za Scoundrel Days na nne za albamu ya kwanza, na wimbo wa mwisho wa upande wa pili ulikatika katikati kwa sababu kanda iliisha. "The Weight of the Wind" niliusikia kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Nilihisi nimeibiwa, na si pesa ile. Leo kanda zile hazipo, lakini orodha za "nyimbo bora" zinafanya kazi ileile: zinakupa jalada na kukunyima albamu.

SWALI: "Crying in the Rain" waliutunga mwaka gani? (Wasomaji wanne)

JIBU: Hawakuutunga. Ni wa Carole King na Howard Greenfield, ukaimbwa na Everly Brothers, ndugu wawili waimbaji wa Marekani, mwaka 1962. a-ha waliurekodi kwa albamu ya East of the Sun, West of the Moon, mwaka 1990. Meneja wao Terry Slater aliwahi kuwapigia besi hao Everly Brothers, hivyo haukutoka mbali. Majina ya watunzi huandikwa kwenye jalada. Yasomeni.

SWALI: Wimbo wa James Bond niliousikia kwenye filamu si sawa na ulio kwenye albamu yangu. Masikio yangu mabovu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Masikio yako ni mazima, na nakupongeza. "The Living Daylights" una matoleo mawili. La filamu na singo, la 1987, lilifanywa pamoja na John Barry, mtunzi wa muziki wa filamu, na ala zake za okestra zinasikika wazi. Kazi hiyo haikwenda kwa amani. Barry na bendi hawakuelewana. Mwaka uliofuata wakaurekodi upya kwa namna waliyoitaka wao, ukaingia Stay on These Roads. Mimi nalipenda zaidi lile la Barry. Vivyo hivyo angalieni "Hunting High and Low" na "Train of Thought": zilizotoka kama singo zilichanganywa upya, haziko sawa na za kwenye albamu.

SWALI: Nimeambiwa Memorial Beach ni albamu mbovu, nisipoteze pesa. Unasemaje? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Nani amekwambia, na je, ameisikiliza? Hii ni albamu ya 1993, iliyorekodiwa Paisley Park, studio ya Prince kule Minnesota, na mtayarishaji David Z. Haikuuza kama zile za mwanzo, kisha bendi ikanyamaza kwa miaka, na watu wakajumlisha hayo mawili kuwa "mbovu". Sikiliza "Cold as Stone", zaidi ya dakika nane, ngoma na gitaa tupu, halafu sikiliza "Dark Is the Night". Hapa kuna bendi iliyokataa kufuata sura yake ya zamani, na ikalipa gharama. Nunua.

Ila kama unanunua santuri ya mwaka huohuo 1993, chunga. Dunia ilikuwa imeshahamia sidii, santuri zilizochapwa zilikuwa chache, na bei zake zinavuta walaghai. Omba picha za lebo pande zote mbili na namba zilizochongwa karibu na lebo. Muuzaji akisitasita, ondoka.

SWALI: Hawana nyimbo za Kinorwei? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: a-ha huimba kwa Kiingereza. Ukimtaka Harket kwa lugha ya kwao, tafuta albamu zake binafsi, Poetenes Evangelium ya 1993 na Vogts Villa ya 1996. Hata Fakkeltog, rekodi ya Bridges ya 1980 ambayo jina lake maana yake ni maandamano ya mienge, jina tu ndilo la Kinorwei.

SWALI: Baada ya mwaka 2000 kuna la maana kweli? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kuna mengi. Minor Earth Major Sky ya 2000 ina "Summer Moved On", ambamo Harket anashikilia noti moja kwa takriban sekunde 20 bila kuitetemesha. Analogue ya 2005 ndiyo ninayoirudia zaidi katika kipindi hiki. Mwimbaji Graham Nash amesaidia sauti humo, na "Cosy Prisons" ni miongoni mwa nyimbo bora za Magne. Foot of the Mountain ya 2009 imerudi kwenye vinanda. Cast in Steel ya 2015 naiona imepoa. True North ya 2022 ilirekodiwa Bodø, kaskazini ya duara la Aktiki, pamoja na okestra ya huko. Isikilizeni usiku, simu ikiwa mbali.

SWALI: Mbona waliaga 2010 halafu wakarudi? Ni utapeli? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Si utapeli. Waliaga Oslo tarehe 4 Desemba 2010 wakiwa wamemaanisha, kisha wakabadili nia. Hawa watatu hawajawahi kukaa pamoja kwa urahisi, na walisimama kwa miaka hata kabla ya hapo, hadi tamasha la Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1998 lilipowarudisha jukwaani.

SWALI: Tutegemee albamu ya 12? (Msomaji, Oslo)

JIBU: Wewe uliyeko huko umesoma habari kabla yangu. Juni 2025 Harket alitangaza mwenyewe kwamba anaishi na ugonjwa wa Parkinson na kwamba sauti yake imeathirika. Sitampigia hesabu ya albamu. Ila kwa kuwa uko Oslo, nina ombi: ukipita kwenye maduka ya rekodi kuukuu, nitazamie Fakkeltog ya asili. Zilichapwa 1,000 tu, na sijawahi kuigusa hata moja.